Mpima Barafu

Kila alfajiri, miaka ishirini na sita,
nimekitoboa kifua cha ghuba kwa keekee,
tundu kila baada ya mita mia mbili,
kutoka gatini hadi kisiwa cha Lintuluoto.
Nachovya rula, nasoma, naandika daftarini.
Sentimita sitini, malori yapite.
Arobaini, magari madogo, moja moja,
mikanda isifungwe, milango iachwe wazi kidogo.
Ishirini, nateremsha kizuizi
na kutundika kibao: IMEFUNGWA.

Nimeona watu wakibishana na barafu:
mwenye lori la mbao akiomba nusu saa,
bwana harusi aliyesahau pete ng'ambo.
Wote niliwaambia, si mimi nifungaye.
Jua ndilo lifungalo. Mimi nasoma tu.

Na bado.

Helvi, mke wangu, alikata shauri zamani,
jioni moja ya Februari, katika nyumba ya maombi
yenye jiko linalotoa moshi.
Mhubiri alikuwa fundi cherehani, sauti hana,
alikohoa kuliko alivyohubiri.
Akasema Kristo ameshalipa, mlango u wazi,
anayetaka aingie.
Helvi akasimama, glavu zake mkononi.
Mimi, pembeni yake, nikaangalia viatu.
Nilisikia. Hilo sitalikana.
Nilisikia kama mtu anayeitwa toka chumba cha pili,
nikajibu kama mtoto aliye katikati ya mchezo:
Naja.

Naja, nikimaliza deni la trekta.
Naja, Tarmo akitoka jeshini.
Naja, mgongo ukipona, msimu huu ukipita,
maana msimu huu kazi zimenizidi.
Hapana sikuitamka hata siku moja,
ndiyo maana nilijiona mtu mwema:
nilikuwa na naja yangu ya miaka kumi na tisa,
imekunjwa vizuri mfukoni kama leso isiyotumika.

Helvi hakunisukuma. Alikuwa akiacha taa ya baraza ikiwaka.
Ugonjwa ulipomlaza aliniuliza mara moja tu:
"Oiva, leo ni sentimita ngapi?"
Nikadhani anaulizia barabara.
"Arobaini na moja," nikasema.
Akacheka kidogo, akageukia ukuta.
Juni tulimzika.

Leo ni tarehe tatu Aprili.
Tundu la nne, thelathini. La tano, ishirini na tatu.
La sita, keekee ilizama kabla sijaiegemea,
maji yakapanda meusi, yakanilowesha goti.
Kumi na nane.
Na juu, barafu ilikuwa nyeupe ileile ya jana,
ngumu kwa macho, ina nyayo mbichi za mbweha.
Ndivyo ilivyo. Haitangazi.
Nikafungua daftari, kalamu ikagoma,
au mkono.
Miaka yote hii nawahimiza watu leo,
mwenyewe nimehamia kesho,
nimejenga huko, nimepaka rangi madirisha.

Sikupiga magoti, goti lilikuwa chini tayari.
Nikavua kofia. Maneno ya kanisani sikuwa nayo.
"Bwana," nikasema, "ni Oiva.
Nimechelewa, na sina la kujitetea.
Ulicholipa nakipokea.
Kama mlango ungali wazi, naingia.
Si naja. Naingia."

Hapakuwa na ngurumo.
Barafu ililia mahali fulani mbali
kama inavyolia kila Aprili.
Kahawa ilikuwa imepoa chupani. Nikainywa yote,
na sijui kwa nini nilikuwa nikilia na kutafuna sukari.

Nikarudi kwa njia ileile, polepole, mlango wa gari wazi,
nikateremsha kizuizi saa moja na dakika kumi.

Nyumbani taa ya baraza ilikuwa ikiwaka mchana kweupe.
Tangu Juni sikuwahi kuigusa,
na sikujua naiacha kwa ajili ya nani.
Nikanyoosha mkono kwenye swichi,
nikaurudisha.
Tarmo bado yuko nje.
Nikavua buti, nikaenda kumpigia simu.